Sheria Ilihesabu Watu, Paka Hakuhesabiwa

Baada ya kipindi chetu kuhusu tezi ya shingo tulitegemea maswali ya saratani, ya bima, ya homoni. Yalikuja. Lakini swali lililotufikia kwa wingi kuliko yote lilikuwa hili: mtu akimeza kile kidonge cha mionzi, paka wake aende wapi?

Wengi waliuliza kwa aibu kidogo, na aibu hiyo naielewa. Mwambie shangazi yako kule Kisauni kwamba unafikiria kusogeza mbele tarehe ya matibabu kwa sababu ya paka. Atakata simu ampigie mama yako moja kwa moja. Na si kwamba kwetu hawapendi paka, jamani. Lamu ni mji wa paka, binadamu ni wapangaji tu. Ila kule paka ana uani, ana ukuta, ana paa la jirani, na mbwa ana geti lake la kulinda. Huku Minneapolis na Saint Paul, Januari ikiingia na nyuzi ishirini chini ya sifuri, uani ni theluji, na mnyama ni mkazi wa ndani kama wewe. Analala miguuni pako. Analamba mkono ulioshika rimoti. Kwa hiyo wazazi wetu hawakuturithisha jibu la swali hili, maana kwao halikuwahi kuwa swali.

Nilikwenda kutafuta jibu fupi nikakuta historia ndefu. Kilichonishangaza ni kwamba wanyama wamo ndani ya historia hiyo tangu mwanzo. Wanakuja kupotea mwishoni, pale pale tiba inapotoka hospitalini na kuingia vyumbani kwetu.

Tuanze na maneno, kwa sababu wengi wetu mambo haya tumeyajua kwa Kiingereza tu. Tezi tunayoizungumzia ni tezi dundumio, ile iliyokaa mbele ya koo kama kipepeo. Ikivimba, Kiswahili kina neno lake la zamani: rovu. Na chakula cha tezi hiyo ni iodini, ambayo Tanzania wanaiita madini joto. Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyewahi kurudi safari na chumvi kwenye sanduku (watu wetu hubeba hata chumvi), basi umeyaona maneno yenyewe kwenye pakiti: chumvi yenye madini joto. Mimi nalipenda jina hilo. Tezi dundumio ni kama jiko la mwili. Homoni zake ndizo zinazoamua moyo upige kwa kasi gani na mwili uchome chakula kwa kasi gani. Jiko likizidi moto, mtu anakula na bado anakonda, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia. Mara nyingi sababu ni ugonjwa wa Graves, ambao huwapata wanawake kuliko wanaume, na hupenda sana umri wa watu wanaosoma ukurasa huu.

Sasa, Minnesota haikuingia katika habari hii kwa bahati. Udongo wa eneo la Maziwa Makuu ya Marekani una iodini kidogo sana, kama ulivyo udongo wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na mwanzoni mwa karne ya 20 eneo hili lilijulikana kama ukanda wa rovu. Watu walitembea na shingo zilizovimba na wakaona ni kawaida. Mbwa nao vilevile. Daktari kijana aitwaye David Marine alipofika Cleveland, Ohio, mwaka 1905, moja ya vitu vilivyomgusa ni mbwa wa mitaani wenye rovu. Alianza na wanyama. Aliwapa mbwa iodini akaona tezi zinarudi katika hali yake, akachunguza pia samaki wa kufugwa waliokuwa na uvimbe uleule, ndipo akasogea kwa watu. Mwaka 1917 yeye na Oliver Kimball walianza kuwapa wasichana wa shule za Akron iodini. Kati ya wasichana 2,190 waliopewa, 5 tu walipata uvimbe. Kati ya 2,305 ambao hawakupewa, walioupata walikuwa 495. Kwa hesabu kama hizo ndiyo chumvi yenye iodini ikaanza kuuzwa Michigan mwaka 1924, na ndiyo maana leo iko jikoni kwa mama yako.

Na huku kwetu, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Minneapolis, mjini Rochester, Edward Kendall wa Mayo Clinic alifanikiwa siku ya Krismasi ya mwaka 1914 kuitenga homoni yenyewe ya tezi ikiwa safi, chembe nyeupe tupu. Malighafi yake? Tezi za nguruwe kutoka machinjioni, kwa matani. Mbwa, samaki, nguruwe. Viumbe hawa wana tezi kama yetu, na tezi zao zinaitafuta iodini kwa uchu uleule. Hilo liwekeni akilini, tutalihitaji.

Novemba 1936, Karl Compton, rais wa chuo cha MIT, alikwenda kuzungumza na madaktari wa Harvard kuhusu fizikia inavyoweza kusaidia tiba. Baada ya hotuba, daktari mmoja wa tezi kutoka Massachusetts General Hospital, Saul Hertz, aliuliza swali: je, iodini inaweza kutengenezwa iwe na mionzi? Swali la mtu mmoja baada ya hotuba, basi. Compton alikwenda kuulizia, akamjibu kwa barua mwezi uliofuata. Hertz na mwanafizikia Arthur Roberts wakaanza na sungura 48. Iodini waliyotumia ilikuwa ya muda mfupi ajabu, nguvu yake ilipungua nusu kila dakika 25, kwa hiyo walikuwa wakikimbizana na saa. Lakini jibu lilionekana wazi: tezi ya sungura iliinyakua ile iodini haraka na kuikusanya, bila kujali kama ina mionzi au haina. Tezi haina macho. Inajua iodini tu.

Hiyo ndiyo siri nzima ya tiba. Mgonjwa anapewa iodini yenye mionzi, tezi inaimeza ikidhani ni ya kawaida, na mionzi inaiunguza kutoka ndani. Mwanzoni mwa mwaka 1941 Hertz akampa mgonjwa wa kwanza.

Iodini tunayoitumia leo, iodini-131, iligunduliwa mwaka 1938 huko Berkeley na John Livingood na Glenn Seaborg. Daktari mwenzao alikuwa amelalamika kwamba zile nyingine zinaisha nguvu upesi mno, anahitaji ya kama wiki moja. Wakampa ya siku 8. Yaani kila siku 8 inabaki nusu: nusu, robo, thumuni, hivyo hivyo, mpaka baada ya siku 80 inabaki kama sehemu moja kwa elfu. Seaborg alikuja kusimulia mara nyingi kwamba mama yake mwenyewe alitibiwa kwa iodini hiyo na akaongezewa miaka ya kuishi. Hadithi ya mtoto anayemletea mama dawa kutoka kazini ningeipenda hata kama asingepata Nobeli.

Ila iodini-131 ina uso wa pili. Bomu la nyuklia likilipuka, iodini hiyohiyo hupaa na upepo, inashuka na mvua, inakaa kwenye majani, ng'ombe anakula, maziwa yanakwenda kwa mtoto. Mwaka 1954 Lester Van Middlesworth, huko Memphis, alikuta mionzi kwenye tezi za ng'ombe waliochinjwa, ng'ombe ambao hawakuwa wamekaribia bomu lolote. Mwaka 1962 vipimo vya maziwa vilipopanda, Minnesota ilikuwa kati ya majimbo yaliyotaka ng'ombe wa maziwa watolewe malishoni walishwe majani makavu ya ghalani. Ni akili rahisi sana: majani yaliyokaa ghalani yameshapitisha zile siku nane nane, yamepoa. Wale wazee wa Kimarekani unaowaona kwenye maonyesho ya jimbo la Minnesota kila Agosti na glasi ya maziwa, baadhi yao walikuwa watoto wakati huo. Iodini-131 waliisikia kwa habari ya ng'ombe kabla ya kuisikia kwa habari ya hospitali.

Turudi hospitalini. Kwa miaka mingi Marekani ilifuata kipimo kimoja: mgonjwa mwenye iodini-131 hatoki hospitalini mpaka mionzi iliyobaki mwilini iwe chini ya milikyuri 30, au iwe imepungua vya kutosha ukiipima mita moja kutoka kwake. Wagonjwa wa Graves, ambao dozi yao kwa kawaida ni ndogo kuliko hapo, walikwenda nyumbani siku hiyohiyo. Wagonjwa wa saratani ya tezi, ambao dozi yao inaweza kupita 100, walilazwa kwenye chumba cha peke yao, sakafu imefunikwa plastiki, chakula kinaachwa mlangoni. Upweke mtupu. Lakini hakuna paka anayeingia chumba kile.

Hapa kuna kisa kidogo siwezi kukipita. Mwaka 1989 Barbara Bush, mke wa rais, alikutwa na ugonjwa wa Graves. Mei 1991 mumewe naye, Rais George H. W. Bush, moyo wake ulipoteza mpigo akiwa anakimbia mazoezi, kupima, Graves. Wote wawili wakatibiwa kwa iodini yenye mionzi. Na mbwa wao Millie, ambaye kipindi hicho alikuwa maarufu kuliko mawaziri wengi, alikuwa na lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili wake. Watatu nyumba moja! Maji ya Ikulu yakapimwa, watu wakabuni kila nadharia, na hakuna kilichothibitika. Mimi nakipenda kisa hiki kwa sababu nyingine: angalau kwa wiki chache gazeti la Marekani lilimtaja mbwa na mabwana zake katika sentensi moja ya kitabibu, kama wakazi wa nyumba moja. Haikutokea tena.

Kwa sababu mwaka 1997 Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, NRC, ilibadilisha kanuni. Badala ya kuuliza ni kiasi gani kimebaki ndani ya mgonjwa, sasa inauliza: mtu mwingine yeyote atakayekuwa karibu naye atapata mionzi kiasi gani? Kama haitazidi milisivati 5, mgonjwa aende nyumbani. Ikitarajiwa kuzidi milisivati 1, apewe maelekezo kwa maandishi. (Kwa kulinganisha, mionzi ya asili, ya ardhini na angani, inampa Mmarekani wa kawaida kama milisivati 3 kwa mwaka.) Sababu zilikuwa za maana: gharama za hospitali, na mgonjwa kuwa na watu wake. Kwa bahati mbaya au nzuri, ni mwaka huohuo Taasisi ya Taifa ya Saratani ilipotoa ripoti yake kubwa kuhusu iodini-131 ya majaribio ya mabomu ya Nevada. Nchi moja, mwaka mmoja, iodini moja: mkono huu unahesabu madhara ya jana, mkono ule unafungua mlango wa wodi.

Sisemi kanuni ni mbaya. Wataalamu wengi wanaitetea, na hesabu zake zinasimama. Ujerumani wamechagua njia nyingine, mgonjwa wa iodini analazwa angalau saa 48, na huo nao ni uamuzi wenye gharama zake. Ninachosema ni kwamba kanuni ya 1997 ilihamisha kazi. Kazi iliyokuwa ya nesi, ya mtaalamu wa mionzi, ya chumba chenye kuta nene, ikawa kazi ya familia. Na familia katika kichwa cha mwandishi wa kanuni ni mtu na mwenzi wake, chumba cha kulala cha ziada, choo cha ziada. Mwaka 2010 Edward Markey, mbunge wa Massachusetts wakati huo, alipochunguza, alikuta wagonjwa waliokuwa wakitoka hospitalini na kwenda kulala hotelini ili wasiwaweke hatarini watoto wao. Mtu wa kufua mashuka ya hoteli ile hakupewa karatasi yoyote.

Minnesota ilichukua usimamizi wa mambo haya kutoka NRC mwaka 2006, kwa hiyo hapa wanaosimamia ni Idara ya Afya ya jimbo, kwa msingi uleule. Mtu mwingine yeyote. Mtu.

Sasa chukua karatasi hiyo uipeleke kwenye nyumba ya Brooklyn Park. Ghorofa ya chini bibi, juu mama na baba, wewe umerudi kwa muda tangu kodi ipande, wadogo zako wawili, binamu aliyekuja kusoma. Vyoo viwili. Karatasi inasema: lala peke yako, tumia choo chako peke yako, kaa mbali na watoto na wajawazito, vuta maji mara mbili au tatu, wanaume wakojoe wakiwa wamekaa. Hebu mtafsirie baba yako hiyo ya mwisho. (Wazee wa pwani watakwambia hilo walifundishwa madrasa, halihitaji daktari.) Haisemi lolote kuhusu kopo la maji chooni, ingawa nusu ya nyumba zetu zinalo, na maji yanayoruka ndiyo hayohayo karatasi inayoyaogopa. Karatasi niliyoishika mimi, ya ndugu yangu wa karibu aliyetibiwa katika hospitali moja ya hapa, ilikuwa kwa Kiingereza tu. Kuhusu wanyama ilikuwa na mstari mmoja: punguza kugusana nao.

Mstari mmoja kwa paka aliyelala kifuani kwake kila usiku kwa miaka sita. Na mama mtu, aliposikia neno mionzi na neno paka katika sentensi moja, alikwishaamua: huyo paka atafutiwe watu. Ndugu yangu alikuwa tayari kuahirisha kidonge. Hapo utaona kwamba swali la paka si la mzaha. Watu wanachelewesha tiba ya saratani kwa mambo madogo kuliko hayo.

Basi tuende kwenye kazi yenyewe. Iodini inayotoka mwilini inatoka zaidi kwa mkojo, na pia kwa mate, jasho na choo kikubwa. Sehemu kubwa ya ile ambayo tezi haikuichukua inatoka katika siku mbili za kwanza, ndiyo maana siku hizo ndizo za kuwa mkali. Mionzi nyingine inapenya kutoka shingoni hadi kwa aliye karibu, na hiyo dawa yake ni umbali na muda. Umbali unasaidia kuliko watu wanavyodhani: ukitoka nusu mita hadi mita mbili, kwa makadirio unakuwa umeipunguza mara 16. Sasa fikiria paka anakaa wapi. Mapajani, kifuani, chini ya kidevu. Mtoto wa miaka saba ukimwambia kaa kule atakaa kule kwa dakika tano. Paka hata hizo dakika tano hakupi.

Halafu kuna ulimi. Mbwa analamba uso, paka analamba mikono kisha anajilamba mwenyewe, na tezi yake, kama ile ya sungura wa mwaka 1937, itainyakua kila iodini inayoingia. Manyoya yanashika jasho na mate yako, kisha mnyama anaondoka na kwenda kulala kwa mtoto chumba cha pili. Hili la mwisho ndilo la kumwambia daktari anayedhani unamuulizia paka kwa huruma tu. Paka ni mlango unaotembea. Ukimlinda yeye umewalinda na wale ambao kanuni inawahesabu.

Lililo bora, kama unaweza, ni mnyama kwenda kwa mtu kabla hujameza kidonge. Si siku hiyo, kabla. Baridi yetu inafanya jambo hili lihitaji mpango: usitegemee kwamba atakaa nje. Rafiki, jirani, au huyo binamu mwenye chumba chake. Muda gani? Inategemea dozi yako na sababu ya tiba, na wa kukwambia ni mtaalamu wa mionzi wa hospitali yako, sio sisi na sio dada wa TikTok. Muulize kwa siku, akupe namba. Wengi hupewa siku chache hadi wiki moja au mbili.

Kama lazima abaki, mlango wa chumba chako ufungwe, na mtu mwingine amlishe, abadilishe mchanga wa paka, amtoe mbwa. Kama uko peke yako kabisa, nawa mikono vizuri kwa sabuni, vaa glovu, mpe chakula, ondoka. Usimbembeleze kwa mlango. Mfuniko wa choo uwe chini wakati wote, kwa sababu mbwa hunywa humo, na hilo kopo na ndoo visiachwe na maji. Pipa la karatasi za kufutia pua liwe na mfuniko. Hakuna kitu mbwa anapenda kuchimba kama hizo karatasi, na zimejaa mate yako. Sahani usimwachie alambe. Blanketi unalolalia usimpe, na kabla hajarudi kitandani, mashuka, foronya na nguo zako zifuliwe peke yake. Mbwa mtulivu, kamba ndefu, matembezi mafupi uwanjani ukiwa umevaa glovu, wengi wanaruhusiwa, uliza. Samaki wako kwenye tangi hana neno.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo kwa watu wa chumvi yenye madini joto. Kabla ya tiba ya saratani, kwa kawaida wiki moja au mbili, unaambiwa uache iodini: chumvi ile, samaki wa baharini, maziwa, kiini cha yai. Lengo ni tezi ishinde na njaa ili ikipewa ile ya mionzi iifakamie. Kwa mtu wa pwani hiyo ni adhabu. Lakini ukilielewa hilo umeelewa pia kwa nini paka wako, ambaye hajafunga, bado tezi yake itachukua sehemu ya kitakachomfikia. Njaa inaongeza kasi tu. Uchu upo wakati wote.

Na sasa kipande ninachokipenda zaidi. Mwaka 1979 madaktari wa wanyama wa New York walieleza rasmi kwamba paka wazee nao wanapata ugonjwa wa tezi kufanya kazi kupita kiasi. Leo ni kati ya magonjwa ya kawaida ya paka wazee, na mojawapo ya tiba zake bora ni iodini-131. Sindano moja chini ya ngozi. Lakini paka aliyechomwa sindano hiyo hatoki kliniki siku hiyohiyo. Anakaa siku kadhaa, anapimwa kwa mashine mpaka mionzi ishuke, na mwenye paka anapewa maelekezo marefu: asilale kitandani kwako, usimpakate muda mrefu, mchanga wake una utaratibu wake. Kwa nini ukali wote huo? Ule ukomo wa milisivati 5 ni wa wagonjwa binadamu peke yao. Mgonjwa akiwa mnyama, watu wanaomzunguka wanalindwa kwa kipimo cha raia wa kawaida, milisivati 1 kwa mwaka.

Yaani paka akiwa na mionzi, sheria inamwona vizuri sana. Ukiwa nayo wewe, haimwoni kabisa. Ndugu yangu alipoelezwa hilo alicheka hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini, na akaeleza, kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza tangu apewe ile karatasi. Paka alikwenda Saint Paul kwa siku kumi. Hakutafutiwa watu.

Kwa hiyo tarehe ikipangwa, pigeni simu kabla, wiki mbili kabla, siyo siku ya kumeza. Kama ni mama au bibi anayetibiwa, dai mkalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumtoa bila malipo, msingi wake ni sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, na mtoto wa miaka kumi na mbili si mkalimani hata kama anajua maneno yote. Mwambie mkalimani mapema kwamba kutakuwa na maneno kama tezi, mionzi, mkojo na paka, asije akadhani amesikia vibaya. Uliza mambo manne ya nyumba yenu kama yalivyo: vyoo vingapi, nani mjamzito, nani mdogo, mnyama gani na analala wapi. Omba majibu yaandikwe kwenye karatasi ileile, kwa mkono kama ni lazima. Na kama kuna safari ya kwenda Nairobi au Dar miezi michache baadaye, omba pia barua ya daktari, kwa sababu vipimo vya mionzi vya uwanja wa ndege vinaweza kulia hata baada ya wewe kusahau kwamba ulimeza kitu.